Mgane wa Nyuma ya Tangi

Alipostaafu kazi ya kusoma mita za umeme, watu wa mtaani hawakumvua jina. Waliendelea kumwita Mzee Mita, na hata watoto waliozaliwa baada ya mita za kujaza vocha kuingia, ambao hawakuwahi kumwona akigonga geti la mtu na tochi mkononi, nao walimwita hivyo hivyo bila kujua sababu. Hakuna ua wa mtaa ule ambao hakuwahi kuuingia. Alijua mbwa yupi ni wa kubweka tu na yupi anauma kweli. Siku hizi alikuwa na ua mmoja tu wa kuingia, wa kwake mwenyewe, na humo ndani hakukuwa na wa kumfungulia mlango.

Mkewe alikuwa fundi wa sare za shule. Alikuwa amefariki, mwaka wa nne sasa. Mtoto wao alikuwa mmoja, wa kike, mhadhiri wa chuo kikuu katika mji mwingine, mbali kiasi kwamba ukiondoka asubuhi unafika jua likizama. Majirani walimwita Daktari, kwa kuwa alikuwa amesoma mpaka vitabu vikamwachia nafasi ya kuandika vyake. Baba yake alimwita mama, maana alipewa jina la bibi yake mzaa baba.

Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, binti alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo huko?"

"Sijambo. Maji yanatoka?"

"Yanatoka. Jana yalikatika kidogo, yakarudi."

"Umeshakula?"

"Nimekula."

"Haya, baba. Nitakupigia."

Basi, yameisha. Mzee Mita alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya kukatika, kama mtu anayesubiri chenji. Zamani haikuwa hivyo. Zamani binti huyu alikuwa na mdomo mpaka mama yake akimwambia apumzishe ulimi, angalau wakati wa kumeza. Alibadilika tangu msiba. Alikuja kuzika, akaomba likizo ndefu, akakaa na baba yake nyumbani, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kunyamaza. Siku ya kuondoka alipokea begi lake mlangoni, akasema kwaheri kwa adabu zote, akaenda zake bila kugeuka. Mzee alijiambia ni uchungu wa kufiwa, utapungua. Haukupungua. Alizoea kuulizwa habari za maji.

Jumapili moja, kati ya maji na chakula, binti alichomeka neno.

"Nimepandishwa cheo, baba."

"Ee! Hongera, mama! Kwa kazi gani?"

"Kuna makala niliandika, imetoka kwenye jarida kubwa."

"Inahusu nini?"

"Mambo ya familia tu. Umeshakula?"

Mzee hakukubali habari nzuri kama ile imezwe na chakula. Kesho yake alivaa shati la kola, akaenda kwa dada wa fotokopi. Dada huyu alikuwa na chumba chenye upana wa mlango na nusu, kati ya kinyozi na duka la dawa, na humo aliweka kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na feni iliyokuwa ikitikisa kichwa kama inayokataa jambo. Alikuwa anasoma shahada yake ya elimu kwa masafa, hapo hapo dukani, kati ya mteja na mteja.

"Nitafutie mwanangu," mzee alimwambia, akamtajia jina.

Dada alibonyeza, akashuka na ukurasa, akasimama. "Huyu hapa. Makala yenyewe ni ya Kiingereza. Inahusu wagane, mzee. Wanaume waliofiwa na wake zao, wanavyoishi baada ya hapo."

Mzee Mita alivuta kiti karibu. "Ameandika juu yetu," alisema polepole.

"Lakini tunachopata ni muhtasari tu. Iliyobaki imefungwa. Unaona kufuli hili? Ukitaka kusoma ndani, unalipia kiasi hiki, na ni hela za nje."

Mzee alisogeza macho kwenye kioo, akarudi nyuma. "Hiyo ni bei ya jarida zima?"

"Ya makala hii moja."

"Na mwanangu anapata kiasi gani hapo?"

"Hapati kitu. Wanaoandika haya mambo ya jamii hawalipwi."

"Sasa anakula nani?"

"Wenye jarida."

"Mimi nilipokuwa napeleka bili za watu," mzee alisema, "angalau mwenye nyumba alikuwa ameshawasha taa."

Alichapishiwa ule ukurasa mmoja wa muhtasari, akaenda nao nyumbani, akautafuna kwa kamusi neno kwa neno. Muhtasari ulisema kwamba mwanamume akifiwa na mkewe huwa anapotelewa na nyumba iliyokuwa ikiendeshwa na mikono ya mtu mwingine. Kwamba jamii haimfundishi kulia. Kwamba mwandishi alikaa na wagane wa mtaa mmoja wa wafanyakazi na kuyaona hayo kwa karibu. Mzee aliusoma tena kesho yake. Alimsomea kinyozi. Zile kurasa zilizofungwa alizijaza mwenyewe kichwani: humo labda binti ameeleza jinsi baba yake alivyounguza sufuria tatu mfululizo, jinsi alivyofua mashuka meupe pamoja na soksi nyekundu, na watu wa mbali wanasoma na kucheka, kisha wanamhurumia. Aliwaza mahali fulani ndani mle pana neno jema juu yake, na akajikuta anatembea na neno hilo mtaani ingawa hakuwahi kuliona.

Jumapili alikuwa wa kwanza kulizungumza.

"Mama, nimeiona makala yako. Mwanzo wake."

"Umeipataje?"

"Kwa dada wa fotokopi. Ila iliyobaki imefungwa. Nitumie basi niimalize, muda ninao wa kumwaga."

"Haiwezekani, baba," binti alisema upesi. "Wenyewe ndio wameifunga. Hata mimi siruhusiwi kuitoa."

"Yaani uandike mwenyewe, halafu wakufungie nje?"

"Ndivyo walivyo, baba."

"Pole sana, mama."

Mzee alimsikia binti yake akishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Alilisikia hilo, akaliacha lipite.

Miezi ilikwenda. Siku moja alipita dukani kutoa nakala ya kitambulisho, dada akamwita kwa mkono wote. "Mzee Mita, njoo umwone mwanao!"

Ilikuwa video ya mkutano. Ukumbi mkubwa, viti vya bluu, na binti yake amesimama mbele ya kipaza sauti, miwani imemshuka puani kama ya mama yake alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anasema: "Sisi tunaosoma maisha ya watu tunaingia kwenye nyumba zao. Tunawauliza maswali, tunayachukua majibu yao, tunapanda nayo vyeo. Kisha tunayafungia mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kuyasoma. Sasa hapo tofauti yetu na mwizi ni nini? Mwizi angalau anajua kwamba ameiba." Watu walicheka, wakapiga makofi. "Maarifa ya watu yasomwe na watu, bure, bila kufuli."

Mzee alikuwa na machozi ya furaha. "Umemsikia huyo?"

"Nimemsikia! Kumbe ndiye anayepigania machapisho yawe huru, na mimi nahangaika hapa na makufuli kila nikiandika kazi ya chuo. Basi si umwambie akutumie ile ya wagane?"

"Aliniambia hairuhusiwi."

Dada alicheka. "Nani kasema? Mwandishi ana nakala yake mwenyewe, anaweza kumtumia mtu. Mimi nawaandikia maprofesa nisiowajua kabisa, wananitumia siku hiyo hiyo."

"Hawakujui?"

"Hata kidogo. Tena wananishukuru. Wanafurahi kuona kuna mtu anawasoma."

Mzee Mita alitazama kioo cha kompyuta. Binti yake alikuwa amesimamishwa pale na mdomo wazi, mkono juu. Alichukua kitambulisho chake, akasahau nakala, akaondoka. Njiani kinyozi alimsalimu mara mbili, hakusikia.

Nyumbani aliketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akaacha chai ipoe. Kumbe kufuli lile halikuwa la watu wa mbali. Mtu yeyote duniani akimwomba mwanawe ile makala, anapewa. Asiyepewa ni yeye peke yake. Alijaribu kufikiri amemkosea nini. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, kama alivyokuwa akirudia kusoma mita anapotilia shaka namba, na kila mara alipata jibu lile lile: hajui. Jumapili simu ilipolia alipokea, akajibu kwamba maji yanatoka.

Kisha, msimu wa mvua ukiwa umeanza, alikuwa anapita na mwavuli wake dada wa fotokopi alipotoka mpaka barazani. "Mzee! Imefunguka!"

"Nini?"

"Ile makala! Jarida zima limefunguliwa. Wameandika hapa kwamba maktaba kadhaa zimechangia gharama, kwa hiyo kuanzia sasa kila mtu anasoma bure, hata matoleo ya nyuma. Nimeshakuchapishia. Usinipe hela, hii ni zawadi yangu."

Mzee alizipokea zile karatasi zikiwa bado na joto la mashine. Akazifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, akazibeba kifuani hadi nyumbani, akaziweka mezani. Hakuzifungua. Miaka yote ya kazi yake aliingia ndani ya nyumba za watu, akapita kwenye korido zao, akaona kitanda kisichotandikwa na mtu anayelia jikoni, na kila mara alielekeza tochi kwenye mita na si kwingine. Alijua kwamba kufunguliwa mlango si ruhusa ya kuchungulia. Jioni ile ile, ingawa haikuwa Jumapili, alipiga simu yeye.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Makala yako imefunguka."

"Najua. Walitutangazia juzi."

"Ninayo hapa mezani."

"Umeisoma?"

"Bado. Mama, mimi najua hukutaka niisome. Ungetaka, ungenitumia tangu zamani." Alimsikia akitaka kusema neno, akamzuia. "Sikulaumu. Nauliza tu. Nisome, nisisome? Ukisema niache, naitia motoni sasa hivi, na sitaiuliza tena mpaka naingia kaburini."

Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa.

"Baba, mimi kila siku nawaambia watu…"

"Nimekuona kwenye video. Ulisema vizuri sana."

Hapo binti akaanza kulia. Alilia kama mtu asiyetaka kusikika, na baba yake, ambaye hakuwa amemsikia akilia tangu makaburini, alishika simu kwa mikono miwili.

"Soma, baba," binti alisema mwishowe. "Na ukimaliza, usipotaka tena kuongea na mimi, nitaelewa." Akakata.

Alisoma kesho yake, mchana kutwa, kamusi gotini. Alisoma habari za wagane wenzake: mmoja aliyekuwa hajui bei ya sabuni, mwingine aliyehamia kulala sebuleni kwenye kochi. Alicheka mahali pawili. Akafika katikati, penye kichwa kidogo cha habari kilichomtaja mgane wa nyuma ya tangi.

Mgane huyo, makala ilisema, alikuwa mstaafu wa shirika la umma. Wiki chache tu baada ya mazishi alianza kutoka nje kila jioni na simu, akajificha nyuma ya tangi la maji, akazungumza kwa sauti ya chini. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alisikia vipande vya maneno kupitia dirisha la jikoni: usilie, nipo hapa, nipigie wakati wowote. Akirudi ndani alikuwa anaificha simu mfukoni na kuuliza kama chakula kiko tayari. Kaburi halijaota hata majani, mwandishi aliandika, na nafasi ya marehemu ilikuwa imeshapata mtu. Baada ya hapo zilifuata kurasa mbili za kueleza kwamba wanaume hawafundishwi kuomboleza, hufundishwa kutafuta wa kuziba pengo.

Mara ya kwanza mzee alimdharau yule mgane. Alifikiri, huyu naye ni mtu wa namna gani? Ndipo akainua macho, akaliona tangi la maji kupitia dirisha la jikoni, jeusi, limesimama juu ya matofali yake pale pale.

Alifunga kamusi. Hasira haikuja, ingawa aliingoja. Alichokisikia kilikuwa baridi ya mtu aliyeachwa nje ya nyumba yake miaka minne bila kujua kwamba yuko nje.

Jumapili ile simu haikulia. Iliyofuata nayo haikulia. Jumatatu mzee alifunga nyumba, akamwachia kinyozi ufunguo, akapanda basi la asubuhi. Hakuwa amewahi kufika kwa binti yake. Anwani aliipata kwenye ukurasa wa mwisho wa makala, chini ya jina: idara, chuo, mtaa. Hapo chuoni mlinzi alimwelekeza nyumba za wahadhiri.

Binti alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alimtazama baba yake, akatazama mkoba wake, akasahau hata kumsalimu.

"Utaniacha mlangoni, mama?"

"Karibu, baba. Shikamoo. Karibu ndani."

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyofikiri, na kitupu. Vitabu vilikuwa vingi, lakini mezani palikuwa na kiti kimoja tu. Kwenye beseni la vyombo palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja. Binti alimpa kile kiti, yeye akaketi juu ya rundo la majarida, magoti yamekaribia kidevu. Mzee alitazama zile kuta zisizo na picha, akamwonea huruma zaidi ya alivyojionea yeye. Alikuwa amedhani mwenzake huku ana watu.

"Nimesoma yote," alisema.

Binti aliinamisha kichwa.

Mzee aliingiza mkono mkobani, akatoa simu ndogo ya vitufe, mgongo wake umefungwa kwa raba ili betri isidondoke. "Unaijua hii?"

"Ya mama."

"Ndiyo niliyokuwa naongea nayo kule nyuma ya tangi. Yangu ilikuwa mezani muda wote, hukuiona?"

Binti alikuwa anaitazama ile raba.

"Mama yako alishonea watoto wa watu miaka mingapi? Wote walikuwa na namba hii, na wengi wao wa mbali, hawakusikia msiba. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wanapiga: Fundi, sketi ya mwanangu imekuwa fupi. Fundi, nimepata kitambaa, nije lini? Anayepokea ni mimi." Alipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba. "Wa kwanza nilimpokelea sebuleni, nawe umetoka kupata usingizi. Nikamwambia, akapiga ukelele mpaka nikaogopa utashtuka. Basi nikahamia nje."

"Kwa nini hukuizima, baba?"

"Niizime? Mtu ampigie mama yako asimpate? Mama yako lini alimnyima mtu jibu?"

"Na yule uliyekuwa unamwambia asilie? Akupigie wakati wowote?"

"Yupi?" mzee aliuliza. "Mbona hayo nilikuwa nawaambia wote."

Binti aliweka viganja usoni. Akasema humo humo ndani ya viganja, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hulali. Huli. Nilitaka wewe usikie habari ya kifo cha mama yako mara moja tu, basi. Mimi nilikuwa naitangaza kila jioni, nikaona huo mzigo unatosha mtu mmoja." Akaiweka simu mezani. "Na wewe, mama? Kazi yako si kuuliza watu? Umewauliza wagane wote wa mtaa ule mpaka bei ya sabuni. Mimi hukuniuliza hata neno."

"Kwako nilishindwa. Nilikuwa naogopa utakubali."

Nje kulikuwa na wanafunzi wakipita wakicheka. Mzee aliendelea kuongea kwa sababu alikuwa ameshaanza, na aliogopa akinyamaza hatarudia tena.

"Simu zilipungua. Wakabaki wawili watatu ambao hawakuwa wakiamini, wakawa wananipigia tunazungumza tu, habari za mama yako, alivyokuwa mkali kwa wanaochelewa kuchukua nguo zao. Kisha siku moja simu haikulia. Kesho yake haikulia. Wiki nzima. Simu ilipoacha kulia, ndipo nilipolia mimi. Wewe ulikuwa umeshaondoka."

Binti aliinuka kutoka juu ya majarida yake, akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa kwenye paja la baba yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa darasa la pili. Mzee alimshika kichwa. Alikuta mvi chache, akashangaa, maana kwake huyu alikuwa bado mtoto.

Baadaye, chai imeshanywewa kwa zamu kwenye kikombe kile kimoja, binti alieleza lililokuwa likimsumbua zaidi. "Watu wameinukuu, baba. Kuna watu nisiowajua wanaandika vitabu, wanamtaja mgane wa tangi. Ilipokuwa imefungwa walikuwa wachache. Sasa iko wazi, wanafunzi wanaisoma kila mahali, na si kweli."

"Mimi wananijua?"

"Hawakujui."

"Basi anayesemwa si mimi."

"Ni wewe, baba. Na hata kama hawakujui, mimi ndiye niliyewadanganya. Lazima niandike kusahihisha. Lakini nikisahihisha, nitayaeleza haya uliyoniambia, na kila mtu atayasoma bure kama alivyosoma uongo. Mara ya kwanza sikukuomba ruhusa. Sasa naomba. Ukikataa, nitawaambia waiondoe yote."

Mzee alifikiri. Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza jambo kama lile: kama habari yake ni yake.

"Andika," alisema. "Ila mle ndani umemwita marehemu mwanzo mpaka mwisho. Marehemu hivi, marehemu vile. Andika kazi yake. Andika alikuwa fundi wa sare, na watu waliomlilia kwenye simu walikuwa wengi mpaka mumewe akakosa nafasi ya kulia."

"Nitaandika hivyo hivyo."

Mzee alikaa kwa binti yake siku chache. Waliongea kidogo kidogo, kama watu wanaojifunza upya njia ya nyumba ya zamani, na mara nyingine waligonga ukuta: binti alikasirika bila sababu alipoambiwa amekonda, mzee akasusa chakula cha mchana. Alipoagwa kituoni binti alimsihi ahamie kwake. Alikataa. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo hajui mbwa yupi anauma.

Wahariri wa jarida hawakufurahi. Walimwandikia binti barua pepe nyingi, mkuu wa idara akamwita ofisini, na kulikuwa na wenzake waliosema pembeni kwamba anayepanda cheo kwa makala kisha akaikana arudishe na cheo. Yale makofi ya mkutanoni hayakusikika tena. Lakini masahihisho yalitoka, nusu ukurasa, katika toleo jipya la jarida lile, bila kufuli. Dada wa fotokopi aliyachapisha, akamsomea mzee kwa Kiswahili pale pale dukani. Alipofika penye fundi wa sare akasimama, akatafuta kitambaa, akasingizia vumbi la feni.

Jumapili simu ilipolia, mzee alianza yeye. "Yametoka, mama. Nimeyaona."

"Lakini hayasomwi, baba. Kuna hesabu chini ya ukurasa. Makala inasomwa na watu elfu na ushee, masahihisho hayajafika hata ishirini. Jana tu nimeona mtu mwingine amemnukuu mgane wa tangi, vile vile kama mwanzo."

"Wewe umeyasoma?"

"Si nimeyaandika mimi!"

"Basi wewe, mimi, na dada wa fotokopi. Tumeshakuwa watatu."

Binti alicheka. Lilikuwa cheko fupi, la kushtukizwa, na mzee alisogeza simu vizuri sikioni ili lisimpotee. Kisha binti akamwomba amsimulie mmoja wa wale waliokuwa wakipiga, yeyote tu. Mzee akamsimulia mama mmoja mwenye watoto pacha, aliyekuwa akidaiwa na Fundi hela za sketi mbili, akalia kwenye simu kwamba sasa atamlipa nani. Akasimulia na mwingine. Salio la binti likaisha katikati ya sentensi.

Nyumba ikarudi kuwa kimya kama kawaida yake. Mzee Mita aliketi kidogo, akingoja kama atapigiwa tena, halafu akainuka kufunga madirisha, maana mvua ilikuwa imeanza kunyesha upande wa jikoni.